Mnyonya Damu Darasani: Kicheko, Mapenzi na Hofu katika Hadithi za Vijana

Msomaji aliyezoea kukuta katika makala za utamaduni habari za ngoma, methali, tenzi na michezo ya jadi huenda akashangaa kuona hapa uhakiki wa hadithi ya wanyonya damu wa Marekani, tena hadithi ya kuchekesha, tena ya mapenzi ya wanafunzi. Mshangao huo una haki yake. Lakini utamaduni wa taifa haujengwi kwa kuhesabu vilivyo vyetu peke yake. Hujengwa pia kwa kupima vile vinavyoingia nyumbani mwetu kila jioni, na kuamua kipi kikae na kipi kitolewe nje. Hadithi za namna hii zimekwisha kuingia. Vijana wetu wanazijua kwa vitabu, kwa filamu, kwa vibanda vya video ambako mfasiri hutia maneno yake ya Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, na sasa kwa simu za mkononi. Mwalimu anayezipuuza hawazuii wanafunzi wake kuzitazama. Anawaachia tu wazitazame bila mwongozo.

Tumechagua mfano mmoja ili uhakiki wetu usielee hewani. Mfano wenyewe ni Buffy the Vampire Slayer, kazi ya mtunzi Joss Whedon, iliyoanza kama filamu mwaka 1992, kisha ikawa mfululizo wa televisheni kuanzia Machi 1997 hadi Mei 2003, wenye vipindi 144. Tutashughulika zaidi na miaka mitatu ya kwanza ya mfululizo huo, yaani 1997 hadi 1999, maana ndiyo miaka ambayo mhusika mkuu yu shuleni.

Asili ya Mnyonya Damu

Katika masimulizi ya vijiji vya Ulaya ya Mashariki, mnyonya damu hakuwa mtu wa kutamanika. Alikuwa maiti aliyevimba, mwenye kunuka, anayetoka kaburini kuwasumbua jamaa zake mwenyewe. Waandishi ndio waliomvika nguo nzuri. John Polidori, aliyekuwa tabibu wa mshairi Byron, alimfanya bwana wa tabaka la juu katika hadithi yake ya mwaka 1819. Sheridan Le Fanu alimfanya msichana mrembo katika Carmilla ya mwaka 1872. Bram Stoker akamfanya mwenye ngome na mali katika Dracula ya mwaka 1897. Hata hili la jua kumwangamiza si la kale sana: Dracula wa Stoker hutembea London mchana, na ni filamu ya Kijerumani Nosferatu, ya mwaka 1922, iliyomwua kwa mwanga wa asubuhi.

Yafaa tutambue kwamba kadiri alivyozidi kupendeza, ndivyo alivyozidi kuwa mtu wa tabaka la wenye nacho. Karl Marx hakukosea shabaha alipofananisha mtaji, katika kitabu chake cha mwaka 1867, na mnyonya damu anayeishi kwa jasho la walio hai. Nasi tulifika mahali hapo hapo kwa njia ya lugha yetu. Kunyonya ni neno la mtoto na ziwa la mama; ni tendo la haki na la upendo. Mtu mzima mwenye nguvu zake anapoendelea kunyonya, tendo lile lile hugeuka aibu. Kutokana na picha hiyo tulipata neno unyonyaji, ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiweka katikati ya siasa ya nchi, na pamoja nalo yakaenea majina ya kupe na habari za mirija. Kwa hiyo sikio la Mswahili linaposikia kwamba mnyonya damu ni mchumba wa kupendeza, hushtuka kidogo. Mshtuko huo tuuweke akiba, tutauhitaji mbele.

Hadithi kwa Ufupi

Buffy Summers ni msichana wa miaka kumi na sita, mwepesi wa maneno, mpenda mavazi, aliyefukuzwa shule moja ya Los Angeles kwa kosa la kuchoma ukumbi wa michezo. Ukweli ni kwamba ukumbi ulikuwa umejaa wanyonya damu, lakini ukweli huo hauandikiki katika ripoti ya shule. Anahamia na mama yake katika mji wa kubuni uitwao Sunnydale, huko California, ambako shule mpya imejengwa juu ya mdomo wa jahanamu. Yeye ndiye Mwangamizi, msichana pekee wa kizazi chake aliyepewa nguvu za kupambana na viumbe hao. Mwangalizi wake ni Mwingereza Rupert Giles, mkutubi wa shule. Rafiki zake ni Willow, binti mwenye haya na akili nyingi, na Xander, kijana asiye na kipaji maalumu ila uaminifu na mzaha.

Maudhui ya kazi hii yamo katika mfano mmoja mkubwa: shule ni jahanamu. Kila kijana amewahi kusema hivyo kwa hasira, na mtunzi ameyachukua maneno hayo kama yalivyo, akayajengea nyumba. Chukua kipindi kimoja cha mwaka 1997. Msichana aitwaye Marcie hutazamwa na kila mtu kana kwamba hayupo. Anainua mkono darasani, mwalimu hamwoni. Anasema neno, wenzake hawalisikii. Mwishowe anakuwa haonekani kweli kwa macho, na anaanza kulipiza kisasi. Hakuna mwalimu mwenye darasa kubwa atakayetazama kipindi hicho bila kuwakumbuka watoto wa dawati la nyuma. Fantasia hapa haikumtorosha mtazamaji kutoka katika maisha. Imemrudisha humo kwa mlango mwingine.

Juu ya Kicheko

Kicheko cha kazi hii kina matawi matatu. La kwanza ni kupindua mazoea. Katika filamu nyingi za kutisha za Marekani, msichana mwenye nywele za dhahabu huingia mahali penye giza ili auawe. Mtunzi alisema wazi kwamba alitaka msichana huyo aingie gizani, ashambuliwe, na ashinde. Tangu onyesho la kwanza la mfululizo anatuchezea: mvulana anavunja dirisha na kumwingiza msichana mwoga ndani ya shule usiku, tunamhofia msichana, kumbe mnyonya damu ni yeye.

La pili ni kukutanisha jambo kubwa na jambo dogo. Dunia i karibu kwisha, na mama anamkataza binti kutoka usiku kwa sababu ya kukosa masomo. Mwalimu mkuu, Bwana Flutie, anachana ripoti ya zamani ya Buffy ili kumwonyesha kuwa hapa ataanza upya. Kisha jicho lake linaangukia habari ya ukumbi uliochomwa, naye anaanza kuviunganisha vipande kwa gundi. Mwangalizi anamtaka mwanafunzi wake amtambue mnyonya damu kwa hisia za ndani. Yeye anamtambua kwa nguo zilizopitwa na wakati. Huu ni ucheshi wa watu wanaojua ofisi na shule zilivyo.

Tawi la tatu ndilo lenye uzito kwetu. Buffy humtania adui yake wakati wa kupigana naye, na makaburini ndiko anakofanyia mizaha yake mingi. Mtazamaji mwenye haraka atasema kwamba huo ni utovu wa heshima mbele ya kifo. Sisi tulio na utani hatuwezi kusema hivyo upesi. Tunajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo, waliokutana katika njia za misafara, au Mhehe na Mngoni, waliokutana kwanza vitani, hutaniana hata msibani. Mtani huja matangani akaigiza maiti, akadai deni, akazuia jeneza, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado shavuni. Utani haukanushi kifo. Unakinyima kifo neno la mwisho. Tukiupima mzaha wa Buffy kwa kipimo hicho, tunaona kwamba anafanya peke yake kazi ambayo kwetu imepewa kabila zima. Na hapo ndipo penye upungufu wa jamii yake: hana mtani. Hujitania mwenyewe, hulia mwenyewe, na asubuhi huenda darasani.

Juu ya Mapenzi

Mpenzi wa Buffy ni Angel, mnyonya damu aliyezaliwa Ayalandi katika karne ya 18. Mwaka 1898, baada ya kumwua binti wa ukoo mmoja wa Waroma, alipigwa laana ya ajabu: alirudishiwa roho yake ili ateswe na kumbukumbu za maovu yake. Tangu hapo hanyonyi watu. Ni mpole, mwenye huzuni, mzuri wa sura, tena amemzidi mpenzi wake zaidi ya miaka mia mbili. Hapa ule mshtuko wa sikio la Kiswahili unarudi. Je, mtunzi hajatuuzia kupe aliyepakwa manukato?

Jibu letu ni kwamba alianza kwa kutuuzia, kisha akatudai bei. Mnamo Januari 1998, usiku wa kutimiza miaka kumi na saba, Buffy analala na Angel. Laana ilikuwa na sharti: akionja raha kamili, roho humtoka. Anapoamka si mtu yule. Anamdhihaki msichana kwa maneno yale yale ambayo wanaume wengi wasio na meno marefu wamewahi kuyasema siku ya pili yake. Baadaye anamwua mwalimu wa kompyuta, Jenny Calendar, ndani ya jengo la shule, wakati mwalimu huyo anatafuta njia ya kumrudishia roho. Mwezi Mei mwaka huo, Buffy analazimika kumchoma upanga ili kuokoa dunia, dakika chache tu baada ya roho ile kurudi. Mzaha wote uliotangulia unasimama hapo.

Tukilinganisha na Twilight ya Stephenie Meyer, riwaya ya mwaka 2005 iliyofanywa filamu mwaka 2008, tofauti inaonekana. Huko Edward, aliyegeuzwa mwaka 1918 akiwa kijana wa miaka kumi na saba, anakaa darasa moja la baiolojia na Bella. Familia yake hunywa damu ya wanyama na kujiita, kwa utani wao, watu wasiokula nyama. Kichekesho hicho ni kizuri. Lakini mwisho wa safari yao ni ndoa, mali na uzima usiokoma. Mnyonya damu hadaiwi chochote, na ndoto ya msichana ni kuwa kama yeye. Kwa maoni yetu, kazi inayomfanya msichana alipie alichokiamini ina ukweli zaidi kuliko ile inayomzawadia.

Twasema hivi kwa sababu jambo lenyewe si la Amerika peke yake. Bwana mzima mwenye gari na maneno laini anayemsubiri mwanafunzi nje ya lango la shule tunamjua. Euphrase Kezilahabi alimwandika katika Rosa Mistika mwaka 1971, na kitabu hicho kikazuiwa kwa muda kutumika shuleni. Sheria yetu ya mwaka 2016 iliweka kifungo cha miaka thelathini kwa anayempa mwanafunzi mimba, na mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shule za Serikali. Rosa alikufa kwa maumivu yake. Buffy anaendelea kuishi, na anaruhusiwa kucheka tena. Hatusemi kwamba Kezilahabi alikosea. Tanzia ina kazi yake. Twauliza tu kwa nini fasihi yetu ya shule haijampa msichana njia ya tatu, kati ya kuadhibiwa na kuolewa.

Kuna kanuni moja ya hadithi hizi ambayo mwalimu anaweza kuifanyia somo zima. Mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe. Kwetu, ambako mgeni hupiga hodi na mwenyeji akaitikia karibu hata kabla ya kumwona, kanuni hiyo inatisha zaidi kuliko huko ilikotungwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kikulacho ki nguoni mwako. Methali hizo mbili hazipingani. Zinamfundisha kijana kwamba ukarimu ni wema, na kwamba wema una haki ya kuuliza nani anayebisha.

Afrika Ndani ya Hadithi

Hatuna budi kutaja kasoro. Katika kipindi kingine cha mwaka 1997, wanafunzi wanne wakorofi pamoja na Xander wanaingiwa na roho za fisi katika bustani ya wanyama, wanamla nguruwe mchanga wa shule, kisha wale wanne wanamla Bwana Flutie. Ili kueleza jambo hilo, mkutubi anawataja Wamasai wa Serengeti kama watu wenye habari za kale za kuingiwa na wanyama. Fisi wa ngano zetu ni mlafi na mjinga anayepasuka msamba kwa kutaka kufuata njia mbili. Na fisi wa imani za uchawi ni kipando cha usiku. Mtunzi hakuhitaji yeyote kati ya hao. Alihitaji jina la mbali la kutia giza katika maelezo, akachukua la kwetu. Vivyo hivyo mwaka 2003, mwishoni mwa mfululizo, tunaambiwa kwamba nguvu ya Mwangamizi ilianzia Afrika, kwa wanaume waliomfunga msichana minyororo. Afrika hiyo haina nchi, haina mji, haina lugha inayotajwa. Kendra, Mwangamizi mweusi anayeingia katika hadithi kwa muda mfupi, anauawa kabla hatujamzoea. Mwanafunzi ajifunze kupenda kazi ya sanaa huku akiona mahali ilipomdharau.

Mumiani Wetu

Sasa tufike kwenye kiini. Sisi tuna mnyonya damu wetu, naye hachekeshi. Neno mumiani lilitufikia kutoka Uajemi, likiwa jina la dawa nyeusi kama lami. Baadaye likawa jina la watu wanaodhaniwa kukamua damu za wenzao. Katika enzi ya ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki na ya Kati. Kampala na Nairobi watu waliwaogopa wazimamoto, na Rhodesia ya Kaskazini waliogopwa banyama. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu cha mwaka 2000. Mumiani huyo hana uso mzuri wala mapenzi. Ana gari, ana sare, ana vyombo vya kazi. Ilikuwa lugha ya watu waliotawaliwa wakieleza kile walichoona kinachukuliwa kutoka miilini mwao.

Lakini uvumi haukwisha pamoja na ukoloni, na uhuru umeugeuzia visu watu wetu wenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, waliofika kwa kazi ya kuchunguza udongo, waliuawa na watu waliowadhania wanyonya damu. Mwaka 2017 uvumi wa aina hiyo uliua watu kusini mwa Malawi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Mbele ya vifo hivyo yafaa tuiulize kazi ya Whedon swali gumu. Katika hadithi yake, anayemnyooshea mtu kidole na kusema huyu ni mnyonya damu, husema kweli. Katika maisha, asemaye hivyo hukosea kila mara. Je, hadithi hiyo haimfundishi kijana wetu kushuku sura za watu?

Tumelipima swali hilo, na jibu letu liko maktabani. Chumba kinachotokea mara nyingi kuliko vyote katika miaka ile mitatu ni maktaba ya shule. Kabla ya kushika kigingi, vijana wale huketi wakafungua vitabu. Huuliza: ni kiumbe gani, kimeonekana wapi, nani amekiona, kina dalili zipi? Mara nyingi dhana ya kwanza huwa si sahihi. Mtunzi ameufanya utafiti kuwa jambo la kishujaa, na kuusindikiza kwa mzaha ili usichoshe. Muhammed Said Abdulla alitangulia kutuonyesha njia hiyo kwa Kiswahili katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ambako Bwana Msa anaukabili mzimu kwa kiko, swali na tabasamu. Tofauti ni kwamba Bwana Msa haamini mzimu, na Giles anaamini. Lakini wote wawili hawamruhusu mtu kutenda kwa uvumi. Pale Iringa Mvumi hapakukosekana ujasiri wala watu. Palikosekana mtu wa kusema: ngojeni, tuulize kwanza.

Hata Wamarekani wenyewe walijifunza kwamba kitisho cha kweli hakina meno marefu. Baada ya mauaji ya Columbine, tarehe 20 Aprili 1999, ambamo wanafunzi kumi na wawili na mwalimu mmoja walipigwa risasi, vipindi viwili vya mfululizo huu viliahirishwa, kimoja kikiwa kinahusu mwanafunzi anayedhaniwa kupanga kuua wenzake. Watu waliokuwa wakicheka jahanamu ya shule waliiona ikifunguka mahali pasipo na mnyonya damu yeyote.

Hitimisho

Kwa hiyo hatuungi mkono kuzifukuza hadithi hizi, wala hatuungi mkono kuzipokea kama mvua. Walimu wa fasihi wawape wanafunzi kazi ya kulinganisha: mnyonya damu wa Stoker, wa Whedon, na mumiani wa kwetu, nani ana mali, nani ana mamlaka, nani hucheka, nani hufa. Na vijana wenye kalamu tunawaachia deni. Bado hatujapata hadithi ya Kiswahili ya shule ya sekondari, yenye bweni, zamu za usafi, mpenzi anayetiliwa shaka na gari geni linaloonekana jioni kijijini, ambayo itamchekesha msomaji hadi aone kwamba mwenye gari alikuja kupima udongo. Atakayeiandika atakuwa ameokoa zaidi ya masomo ya mtu. Sisi tunamtangulizia ubeti huu:

Hodi ya mlango wetu, ipimwe kabla ya jibu,
Asiingie kwa utu, akatuletea tabu,
Tusome sisi na watu, tuitafute sababu,
Hofu ikipata jibu, hugeuka kicheko tu.